Shangazi wa Bustani: Mwambie aweke chepe chini, haibiskasi imelala tu

Barua zilizoingia tangu theluji iyeyuke karibu zote zinauliza habari za mmea mmoja: haibiskasi ya nchi za baridi, ile yenye maua mapana kama sahani ya pilau. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mtu wa Tanga, nauza miche kwenye kitalu hapa Maryland, Marekani, na maswali haya nayasikia kutoka kwa wateja siku nzima, wa Kizungu kwa Waswahili. Tuanze na lililokuja mara nyingi zaidi.

Shikamoo Shangazi. Mwaka jana mwezi wa saba nilinunua haibiskasi yenye maua mekundu makubwa ajabu, nikaipanda mbele ya nyumba. Ikachanua hadi Septemba. Baridi kali ya kwanza ilipopiga, yote ikanyauka, yakabaki mafimbo. Leo ni tarehe 20 Mei, bustani za majirani zimeshapendeza, yangu mafimbo ni yale yale. Mume wangu anasema imekufa, anataka kuing'oa apande nyanya. Nimwache? — Mama Watoto, Des Moines, Iowa

Marahaba mwanangu. Mwambie mkwe wangu aweke chepe chini. Nyanya zina sehemu nyingine za kupandwa.

Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa na haibiskasi nyingine. Ile ya kwetu, ya kwenye ua wa nyumba na kando ya geti la shule, ni mti: ina shina gumu, majani yake hayapukutiki, na mwaka mzima haikosi ua. Kwa hiyo tukiona mmea umekauka juu, tunauzika. Uliyonunua wewe ni ya huku huku, jina lake la kitaalamu Hibiscus moscheutos, na asili yake ni vinamasi vya upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini, kuanzia Ontario hadi Florida. Hapa kwetu ukiendesha gari kandokando ya ghuba ya Chesapeake mwezi wa nane unaiona imesimama ndani ya matope pamoja na matete, maua yake meupe na ya rangi ya waridi, haijapandwa na mtu. Mmea huu kila mwaka huacha sehemu yote ya juu ife na uhai wake unashuka kwenye kisiki na mizizi. Hivyo ndivyo unavyopita kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri ambayo ingeua mti wetu usiku mmoja.

Sasa kuhusu kuamka. Daffodili na tulipu zinakurupuka theluji ikiwa bado pembeni, lakini haibiskasi hii inasubiri udongo wenyewe upate joto. Watu wa vitalu tunahesabu nyuzi 21 za Selsiasi ardhini, wala si hewani. Des Moines iko kanda ya 5 kwenye ramani ya wizara ya kilimo ya Marekani, ile inayogawa nchi kwa ukali wa baridi, na huko kuona chipukizi la kwanza mwishoni mwa Mei, hata wiki ya pili ya Juni, ni jambo la kawaida. Kila mwaka mwezi wa tano nawaona wateja wanaleta visiki wamevifunga kwenye mfuko wa takataka, wanadai fedha zao, na kisiki kikisafishwa kwa mpira wa maji kina macho mekundu yaliyonona yanayojiandaa kutoka.

Kama huna uhakika, usichimbe. Piga magoti, fukua udongo kwa vidole pale mafimbo yanapoingia ardhini, sentimita 3 au 4 tu. Bonyeza kisiki. Kikiwa kigumu, kipo hai, kifukie uende zako. Kikibonyea kama ndizi iliyooza na kina harufu, hapo tu ndipo mkwe anaruhusiwa kushika chepe. Lakini hata hivyo mimi ningengoja Juni iishe.

Matandazo uliyoweka majira ya baridi, kama uliyaweka, yasogeze pembeni sasa hivi ili jua liupige udongo. Matandazo mazito mwezi wa tano yanauweka udongo kwenye ubaridi na mmea unazidi kuchelewa. Mafimbo ya mwaka jana hayatachipua tena, yakate yabaki urefu wa kiganja, sentimita 10 hadi 15. Usiyakate chini kabisa. Ndiyo alama yako pekee ya mahali mmea ulipo, na mtu mwenye jembe asipoona alama analima.

Ikiamka inakwenda mbio. Machipukizi yakifika sentimita 20 hivi, kata ncha kwa kucha, halafu rudia yakifika 30. Utachelewesha maua kwa siku kadhaa, lakini utapata kichaka chenye matawi mengi badala ya fimbo tatu ndefu zinazolala mvua ikinyesha.

Shangazi, habari za huko. Nimenunua haibiskasi ya machungwa supamaketi, shina lake limesukwa. Naweza kuipanda nje moja kwa moja? — Mwana wa Mombasa, Toronto

Hapana baba. Hiyo ndiyo ya kwetu. Rangi imekwambia tayari: njano na machungwa ni za ile ya nchi za joto, ya baridi inakuja nyeupe, waridi, nyekundu au zambarau ya kukolea. Tazama na jani. Ya kwetu jani lake linang'aa, kijani cha giza. Ya baridi jani lake halina mng'ao, ni pana, mara nyingi lina umbo la moyo. Hiyo yako iweke nje kiangazi, na usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 iingize ndani, dirisha la kusini. Itapukutisha majani ya kutosha kukutia simanzi. Punguza maji, usiitupe.

Jambo mama. Sisi ni watu wa Uvira, tunaishi Louisville, Kentucky. Tunalima ngai-ngai nyuma ya nyumba, majani tunakula vizuri sana. Lakini yale maua mekundu ya kutengeneza juisi hayaji, baridi inaua mimea kwanza. Jirani ana haibiskasi yenye maua makubwa inayorudi kila mwaka. Je, tunaweza kuila hiyo badala ya ngai-ngai? — Mama wa Louisville

Jambo sana mama yangu, na karibu. Barua hii nimeipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Ngai-ngai unayoisema, ile ambayo Tanzania tunaiita choya au rozela ikifika kwenye glasi, ni haibiskasi kweli, ndugu wa hiyo ya jirani, na wote wawili ni jamaa wa bamia. Ukitaka ushahidi, mwezi wa nane simama mbele ya ua jeupe la jirani lenye jicho jekundu katikati, halafu nenda kwenye bamia lako lililochanua. Sura ni ile ile, tofauti ni ukubwa.

Lakini choya inahesabu saa za giza. Haiweki tumba mpaka mchana uanze kufupika na usiku kurefuka. Uvira, karibu na ikweta, mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, basi mmea unajua saa zote kwamba wakati upo. Louisville mwezi wa sita mchana unakaribia saa 15. Mmea unaendelea kutoa majani tu, na unakuja kushtuka mwishoni mwa Septemba kwamba usiku umerefuka. Ua likitoka, kile kikombe chekundu cha juisi kinahitaji wiki tatu hivi kunona, na huko kwenu jalidi inaweza kupiga mwezi wa kumi. Hamjakosea kitu. Mbolea zaidi haitasaidia, itazidisha majani.

Mwenye nia anaweza kuudanganya mmea. Panda miwili au mitatu kwenye vyungu, na kuanzia mwanzoni mwa Agosti ifunike kwa boksi kubwa jeusi au iingize chumba cha giza saa 12 jioni, itoe saa 2 asubuhi, kila siku bila kuruka, mpaka matumba yaonekane wazi. Taa ya baraza ikiimulika usiku, kazi imeharibika. Ni adha, na kwa familia nyingi nashauri muile majani na vikombe vikavu mnunue kwenye duka la Wamexico, wanaviita jamaica na bei yake si mbaya.

Kuhusu ya jirani: majani yake hayana ule uchachu, yana utelezi tu. Iache iwe pambo. Ila sikiliza siri ya kitaluni. Ipo haibiskasi ya majani mekundu meusi, tunaiuza kama mmea wa mapambo, jina la biashara Mahogany Splendor. Hiyo ni Hibiscus acetosella, asili yake Afrika ya Kati, na wateja wangu wa Kikongo wakiiona mezani wanacheka, kwa sababu ni ngai-ngai nyekundu, chachu ile ile, imevaa jina la kifahari. Baridi inaiua nayo. Msile majani ya mche mlionunua siku hiyo hiyo, kwa sababu mapambo hupuliziwa dawa ambazo si za chakula. Chukueni kijiti, kiwekeni kwenye maji mpaka kitoe mizizi, mpande, mle majani yatakayoota mapya.

Auntie, mimi niko ghorofa ya pili Minneapolis, nina balcony inayopata jua. Nimeweka hiyo hibiscus ya baridi kwa pot. Matumba yanakuja mengi halafu yanaanguka kabla ya kufunguka, na yale yanayofunguka yanakaa siku moja tu. Nini mbaya? — Mkenya wa Balkoni

La siku moja si ugonjwa. Kila ua linafunguka asubuhi, kesho yake limejikunja, ndivyo lilivyoumbwa. Mmea wenye afya unakupa jipya kila siku kuanzia Julai hadi Septemba, na kazi yako ni kuchuma lililonyauka kabla halijashika mbegu.

Matumba kuanguka ni kiu. Kumbuka mmea huu ni wa kinamasi. Mimea mingine ya chungu tunakatazwa kuiacha imesimama ndani ya maji, huu kiangazi unaruhusiwa: weka chungu kwenye beseni, jaza maji sentimita kadhaa, na siku za joto kali angalia asubuhi na jioni. Jani likilegea mara moja tu mchana, matumba ya wiki hiyo unayaaga. Chungu kiwe kipana, nusu mita au zaidi. Mbolea iwe kidogo kidogo, na kwenye zile namba tatu za mfuko ya katikati isiwe kubwa, kwani haibiskasi haipendi fosforasi nyingi. Wanaokuuzia mbolea ya kuongeza maua watakwambia kinyume. Usiwasikilize.

Shida yako kubwa inakuja Novemba. Ramani mpya ya mwaka 2023 imeipandisha Minneapolis hadi kanda ya 5, lakini ramani inasema juu ya mizizi iliyo ardhini. Kwenye balkoni chungu kinapigwa na baridi pande zote. Majani yakishakufa, kata mafimbo, kipeleke chungu kwenye gereji isiyo na hita au kwa rafiki mwenye nyumba akakizike hadi shingoni. Udongo uwe na unyevu kidogo tu, si wa kuloana. Na mwakani usikate tamaa mwezi wa tano, soma jibu la Mama Watoto hapo juu.

Shikamoo. Majani ya haibiskasi yangu yamebaki mishipa mitupu, kama chandarua. Nimepulizia dawa ya Bt, ile ya bakteria wa kuua viwavi, niliyoambiwa ni salama, wadudu wanaendelea tu. — Columbus, Ohio

Marahaba. Kuna wahalifu wawili, na unatakiwa umjue uliye naye kabla ya kutoa pesa tena.

Wa kwanza utamwona bila miwani. Ni dundu wa Kijapani, urefu wa sentimita 1, kichwa na kifua kijani cha kumetameta, mgongo rangi ya shaba, na ubavuni kuna vishungi vidogo vyeupe. Aligunduliwa New Jersey mwaka 1916 na tangu hapo ameitafuna nusu ya Marekani. Huja mwishoni mwa Juni, wanakaa kwa makundi juu ya jani na ndani ya ua, mchana kweupe. Usimpulizie. Amka mapema akiwa bado mzito kwa umande, shika bakuli lenye maji ya sabuni chini ya jani, gusa jani. Kawaida yake akishtuka anajiachia aanguke, na chini ni sabuni. Watoto wanaipenda kazi hii, mimi nawalipa wajukuu kwa kichwa. Ile mitego ya mfuko wa njano wanayouza madukani usiitundike karibu na maua yako. Harufu yake inawaita wa mtaa mzima, na wengi hawaingii mfukoni.

Wa pili ndiye nadhani unaye wewe. Geuza jani. Upande wa chini utaona vifunza vya kijani, vidogo, vya kichwa cheusi, vimejipanga vinakula nyama ya jani vinaacha mishipa. Vinafanana kabisa na viwavi, na ndiyo maana mtu alikupa Bt. Lakini Bt ya viwavi inaua watoto wa vipepeo na nondo tu. Hivi mama yao ni nzi msumeno wa haibiskasi, mdudu mweusi mwenye kifua cha rangi ya machungwa, na ukoo wake ni wa nyigu na nyuki. Dawa haiwahusu. Vikiwa vichache viponde kwa vidole, vaa glavu kama unaona kinyaa. Vikiwa vingi pulizia sabuni ya wadudu au mafuta ya mwarobaini, ndiyo, mwarobaini wetu, wanauza kwenye chupa kila kitalu. Lazima dawa ifike chini ya jani, ukipulizia juu umelisafisha jani tu. Rudia baada ya wiki, na uendelee kukagua mpaka Septemba, maana vizazi vyao vinafuatana kiangazi kizima.

Fanya jioni, na maua usiyaguse na dawa. Kuna nyuki huku mashariki, Ptilothrix bombiformis, mnene mwenye manyoya, ambaye chavua ya watoto wake anaitafuta hasa kwenye haibiskasi. Nimemwangalia mara nyingi kwenye bwawa la kitalu. Anatua juu ya maji, anasimama kwa miguu iliyotanuka bila kuzama, anavuta maji mdomoni, kisha anaruka hadi kwenye njia ya udongo mgumu pale nyuma ya ghala na kuyatema ili alainishe udongo achimbe kiota. Mwenzangu mmoja kazini alitaka kuimwagia zege njia hiyo. Tuligombana.

Shangazi, nina ule mti wa haibiskasi unaobaki na matawi yake wakati wa baridi, maua ya zambarau. Kila mwaka miche inaota bustani nzima, hadi kwenye nyufa za saruji. Niukate lini na nifanyeje? — Silver Spring, Maryland

Huo ni Hibiscus syriacus. Linnaeus, yule mtaalamu aliyeipa mimea majina ya kisayansi, aliuita wa Syria lakini asili yake ni Asia ya mashariki, na Wakorea Kusini wamelifanya ua la taifa lao. Ukate mwisho wa Februari au Machi, kabla ya majani, kwa kuwa unachanua kwenye tawi la mwaka huo huo. Miche ing'oe ikiwa na majani manne, mvua ikishanyesha. Ukiiacha hadi mwakani utaitafutia shoka. Na kama umechoka nao, badilisha upande Diana, mweupe, uliozalishwa na Donald Egolf pale Arboreta ya Taifa, bustani ya miti ya utafiti mjini Washington. Una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo mbegu zake ni nadra mno.

Shangazi nisaidie haraka. Kanisani walinipa mche wakasema ni haibiskasi ya maua mekundu. Umefika kiunoni, majani yake ni bangi tupu! Mwenye nyumba amepiga picha. — Houston, Texas

Pole mwanangu, nimecheka lakini pole. Hiyo ni Hibiscus coccineus, ya vinamasi vya Florida, Georgia na Louisiana, na si wewe wa kwanza kuhojiwa kwa ajili yake. Mwite mwenye nyumba mwende wote bustanini. Mwonyeshe kwamba majani yanatoka moja moja, hili kulia, linalofuata kushoto. Ya bangi, hasa sehemu ya chini ya shina, yanatoka mawili mawili yakitazamana, na kingo zake zina meno ya msumeno. Kisha msugulie jani puani: halinuki chochote. Akiendelea kubisha, mwombe akupe hadi Julai au Agosti. Litafunguka ua jekundu la petali tano nyembamba, na kwa kibali chake mpe mbegu za kupanda kwake.